Muhula wa utafiti Nairobi usiwe wa wenye shangazi pekee

Kama unaishi Nairobi, hakuna njia hujawahi kusema "tukutane Archives". Pale Moi Avenue, hatua chache kutoka sanamu ya Tom Mboya, watu husimama kwa makundi wakingoja marafiki, wachumba na wadeni wao. Ijumaa jioni hata pa kukanyaga hakuna. Sasa nikuulize: wewe uliyesimama pale nusu saa ukimngoja mtu anayedai "niko karibu kufika", uliwahi kugeuka ukaingia ndani?

Wengi hawajaingia, na siwalaumu. Jengo lenyewe lilijengwa kuwa benki enzi za mkoloni, na kwa ukali wa sura yake bado linakutazama kama mtu ambaye hujamaliza kulipa mkopo. Lakini tangu Idara ya Kumbukumbu za Taifa ilipoundwa kwa sheria mwaka 1965, imekuwa ikikusanya karatasi za nchi hii: ripoti za madisii, barua za machifu, kesi za mashamba, malalamiko ya kodi. Orofa ya chini utapata vinyago na sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Ukienda zaidi kuna chumba cha kusomea, kimya, watu wameinamia mafaili. Humo kijiji chenu kimo. Changu pia kimo, ingawa ilinichukua siku mbili kukipata.

Mimi natoka Kebirigo, Nyamira. Kama hupajui, ni soko lenye majani chai pande zote, kiwanda cha chai, bodaboda zaidi ya abiria, na mvua ya alasiri ambayo haikosi. Kwetu mtoto akisema anasomea historia chuoni, swali la kwanza huwa "utafunza shule gani?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini, mama akiwa jikoni: "Kwani alama zilikataa?"

Ninachotaka kuzungumzia leo ni muhula wa utafiti. Nasema ule wakati ambao komredi wa historia, fasihi, isimu au dini anatoka chuoni kwenda kukusanya data ya mradi wake wa mwaka wa nne au tasnifu ya uzamili. Wenzetu wa uhasibu na uhandisi wana atachi, na hata isipowalipa, angalau kuna ofisi inayojua wanakuja. Sisi hupewa barua yenye muhuri na kuambiwa "nenda utafute". Ukiwa chuo cha nje ya Nairobi, kutafuta huko kwa kawaida kunamaanisha kuhamia Nairobi miezi mitatu au minne.

Msimamo wangu ni huu. Muhula huo ni wa maana kuliko kozi nyingi tunazokaririshwa darasani, na kila idara ingepaswa kuwapeleka wanafunzi wake. Lakini jinsi mambo yalivyo, anayeumaliza vizuri ni yule aliye na shangazi Umoja au mjomba Kawangware wa kumpa kochi. Mwingine anarudi mapema, ama haendi kabisa, na mradi wake unaandikwa kwa vipande vya intaneti. Huo ni mchezo wa bahati nasibu, na tikiti yake ni ukoo wako.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini inafaa kwenda, maana najua kuna anayesoma hapa akijiambia kila kitu kiko kwa simu.

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba kile nilitafuta neno "Nyamira" katika orodha na sikupata cha maana. Nikadhani kwetu hakukuandikwa. Mhudumu mmoja wa pale, mama mpole aliyewaona wengi wa aina yangu, akaniuliza, "Kijana, unatafuta miaka gani?" Nikamwambia kabla ya uhuru. Akacheka. Nyamira ilikatwa kutoka Kisii ikawa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha kaunti baada ya uchaguzi wa 2013. Mkoloni hakuijua kwa jina hilo kama wilaya. Kwake sisi tulikuwa sehemu ya South Kavirondo, pamoja na Waluo wa Homa Bay na Migori ya leo na Wakuria. Baadaye ikaitwa South Nyanza. Mafaili yake yako chini ya alama DC/KSI, na mengine chini ya mkoa, PC/NZA. Bila kujua hilo unaweza kukaa Nairobi mwezi mzima ukidhani babu zako hawakuwahi kuishi.

Hakuna mhadhara uliowahi kunieleza jambo hilo. Na ukishalielewa, unaelewa pia mambo mengine ya leo. Unaona mpaka unaopiganiwa sasa na wanasiasa ulichorwa na nani na kwa sababu gani. Unaona kwamba watu wanaoambiwa kila uchaguzi kuwa ni maadui wa jadi waliwahi kulipa kodi katika ofisi moja.

Au chukua kisa cha Otenyo, ambacho kila mtoto wa Gusii amesikia. Januari 1908 alimchoma mkuki afisa wa Mwingereza, Northcote, kwa hamasa ya Moraa, yule mama mwonaji wa Kitutu. Northcote alipona. Kilichofuata ni jeshi kuchoma nyumba, kuua watu na kuswaga ng'ombe, kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo akifanya kazi katika Wizara ya Makoloni jijini London, alilalamikia mauaji hayo. Nyumbani tunakisimulia kisa hiki kwa ushujaa wa Otenyo na uchungu wa kichwa chake, ambacho wengi huamini kilipelekwa Uingereza. Kwenye karatasi za serikali kinasimuliwa kwa hesabu za ng'ombe. Mwanafunzi wa historia anahitaji kuzisikia sauti zote mbili, tena polepole, siku baada ya siku, si kwa kupiga picha kurasa kumi na kukimbilia basi la usiku.

Hapo ndipo pesa inapoingia.

Nilikaa Kahawa West miezi minne. Bedsita ilikuwa elfu saba, na landlodi alitaka dipoziti ya kiasi hicho hicho kabla hata sijaona funguo. Elfu kumi na nne zimeenda na sijanunua godoro. Nauli ya kwenda tao ilikuwa hamsini asubuhi nzuri, mia moja mvua ikitisha, na Nairobi mvua inaweza kutisha tu bila kunyesha lakini makanga wameshapandisha. Chapo madondo kwa kibanda, mia. Tokeni za stima. Bando. Nakala za mafaili, ambazo hulipiwa kwa ukurasa, na ukurasa unaouhitaji huwa haukosi kuwa na mwenzake arobaini. Usiniulize kuhusu Fuliza.

Kwetu bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka, na ikifika ina wenyewe tayari: karo ya wadogo, deni la duka, harambee ya matanga. Mzazi anayejua maana ya karo hatakataa kukulipia karo. Lakini jaribu kumweleza baba kwamba unataka elfu kumi na tano kila mwezi ili ukae Nairobi usome barua za disii aliyekufa. Pesa za HELB nazo, kwa wanaozipata, zinapangwa kana kwamba mwanafunzi yuko pale pale chuoni, mahali chakula cha kantini ni nafuu na chumba kilishalipiwa. Basari nyingi hutumwa moja kwa moja kwa akaunti ya chuo. Hakuna kikapu chenye jina "kulala karibu na kumbukumbu".

Basi familia inaamua: nenda kwa shangazi. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ukweli wenyewe ulipo.

Jamaa wa Nairobi si wabaya. Wengi wao wanaishi chumba kimoja na sebule, watoto watatu, na bado watakufungulia mlango. Lakini methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la Nairobi ni la namna yake. Kwa mvulana mara nyingi ni kubeba mitungi ya maji na kwenda dukani, kisha anaachwa aende zake. Kwa msichana ni nyumba nzima. Rafiki yangu mmoja anasomea fasihi ya Kiswahili, na alikuja Nairobi kusoma magazeti ya zamani, hasa Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza 1939. Alitaka barua za wasomaji kutoka Kisii: walilalamikia nini, waliandika Kiswahili cha aina gani, walijiita nani. Mada tamu hiyo, hata mwalimu wake aliifurahia. Wiki ya pili yaya wa shangazi yake akaenda ushago na hakurudi. "Wewe si unaenda tu kusoma magazeti?" shangazi akamwambia. "Niangalizie mtoto kwanza, mama, gazeti la zamani haliozi."

Akamwangalia mtoto. Asubuhi kumpeleka shule, saa saba kumchukua, kati ya hapo kupika na kufua. Kutoka Pipeline hadi tao na kurudi, na foleni ya Jogoo Road ilivyo, alikuwa akibaki na saa moja na nusu ya kusoma, siku ambazo alienda. Siku nyingine hakwenda. Kwa muhula mzima alisoma magazeti ya miezi saba. Alipanga miaka kumi. Sura ya tatu ya mradi wake aliiandika kwa makala za watu wengine alizopakua usiku, watoto wakilala. Alipita, tena vizuri tu. Lakini zile barua za wasomaji bado ziko pale hazijasomwa, na yeye ndiye alikuwa na jicho la kuziona.

Hebu hesabu ni wasichana wangapi wa namna hiyo. Halafu tunashangaa kwa nini vitabu tunavyosoma kuhusu Gusii vimeandikwa zaidi na watu wa nje. Sisemi hivyo kwa ubaya. Kitabu cha William Ochieng' kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, kilichotoka 1974, bado hakikwepeki, na mwandishi wake ni Mluo. Robert Maxon, Mmarekani, aliandika kuhusu Wagusii na Waingereza kwa uvumilivu ambao sisi wenyewe hatujaufikia. Nawaheshimu. Lakini watu hao walipata miezi mingi ya kukaa na kusoma bila mtu kuwaambia waangalie mtoto kwanza.

Tena kuna hili linaloniudhi kidogo. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilinunua nakala za filamu za sehemu kubwa ya kumbukumbu zetu. Ina maana tangu siku hizo mwanafunzi wa Syracuse angeweza kushuka ngazi za maktaba yake, asome ripoti za mwaka za Kisii, kisha arudi bwenini kwake kula chakula cha jioni. Komredi wa Kebirigo anahitaji basi la karibu kilomita 300 kupitia Narok, na shangazi. Mafaili mengine Waingereza waliyachukua walipoondoka, wakanyamaza nayo hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipowalazimisha kukiri mwaka 2011. Sasa yako Kew, London. Kwa hayo hata shangazi hatoshi.

Nimesikia pingamizi, na moja ni zito. Kwa nini kumpeleka kijana wa Kebirigo Nairobi kutafuta historia ya Kebirigo, wakati wazee wako Kebirigo na wanakufa kila mwezi? Nakubaliana na sehemu yake. Karatasi za disii hazina sauti ya magokoro. Zinataja kodi ya nyumba, barabara, ng'ombe na mibuni, kisha zinamtaja mwanamke pale tu anapokuwa na kesi. Niliporudi nyumbani na nakala zangu nilizipeleka kwa mzee mmoja jirani, nikamsomea orodha ya mahali kama mzungu alivyoandika. Alicheka hadi akashika ubavu. Nusu ya majina disii aliyasikia vibaya. Jioni ile alinirekebishia majina, na kwa kila jina akaongeza hadithi: nani aliishi pale, nani alihama, kisima kilikauka lini. Kama ningeanza kwake bila karatasi nisingejua la kumuuliza, na kama ningeishia Nairobi ningeandika majina mabovu hadi leo. Kwa hivyo muhula mzuri unagawanyika: wiki kadhaa jijini, kisha nyumbani. Si lazima miezi minne yote Nairobi.

Na si lazima kila kitu Nairobi. Kumbukumbu za Taifa zina matawi, Kisumu likiwemo, na Kakamega pia, ambako kuna karatasi za upande wetu wa nchi. Kabla hujafunga virago, mwombe msimamizi wako akusaidie kujua kilicho huko. Kisumu unaweza kwenda na kurudi kwa nauli inayoeleweka. Halafu katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba na makavazi. Kaunti ya Nyamira haihitaji ruhusa ya mtu kuomba nakala za mafaili yanayohusu watu wake na kuziweka mahali mtoto wa Kebirigo atafika kwa bodaboda ya mia.

Lakini jiji lenyewe nalitetea bado. Kuna vitu ambavyo nyumbani huvipati hata mafaili yote yangeletwa. Unakaa meza moja na mtafiti kutoka Marsabit anayesoma kuhusu visima na mwingine wa Lamu anayesoma kuhusu majahazi, na wakati wa chai mnagundua disii wenu ni yule yule alihamishwa tu. Unaingia matatu na kusikia vijana wa Kawangware wakiongea Ekegusii kilichochanganyika na Sheng, kama wewe ni wa isimu unatoa daftari. Unapita maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miongo yake ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, na unapanda zile ngazi kama mwenye nyumba. Unajifunza pia upweke. Jumapili ya kwanza ambayo hakuna aliyekupigia simu ni ndefu, na hakuna idara inayokuandaa kwa hiyo.

Kwa hivyo idara zifanye nini? Mabwawa ya pesa hayapo, najua, vyuo vyetu vingi vina madeni hadi shingoni. Ila kuna jambo lisilohitaji pesa nyingi. Wanafunzi wa Nairobi nao huja kwetu kufanya utafiti, kuhoji wazee, kuandika kuhusu mawe ya sabuni ya Tabaka, na wao pia hulala kwa shida, wakilipa lojing'i za Kisii mjini. Vyuo viwili vikiandikiana barua tu, vitanda vinabadilishana: wa Nairobi analala kwenye bweni la Kisii, wa Kisii analala kwenye bweni la Nairobi, muhula huo huo. Chumba kilishalipiwa tayari. Anayepanga kupunguza gharama za elimu aanzie hapo, kabla ya kuanzisha kamati.

Jambo la pili ni basari. Kamati za kaunti na za maeneo bunge zitenge kiasi, hata kidogo, kwa mwanafunzi aliye na barua ya idara inayosema yuko utafitini, na pesa hizo zimfikie yeye kwa simu badala ya kwenda kwa akaunti ya chuo. Elfu ishirini zingemtoa rafiki yangu jikoni kwa shangazi yake kwa miezi miwili.

Nawe unayejiandaa kwenda Januari, usingoje hayo yatimie. Omba kibali cha NACOSTI mapema, mtandaoni, kwa sababu kuna ofisi zitakazokuuliza. Toa nakala tano za barua ya idara, kila mlango utataka moja. Beba penseli. Tafuta keja ambayo nauli yake ni moja tu hadi tao, hata kama ni ndogo kuliko ile ya nauli mbili. Kama ni lazima ukae kwa jamaa, mzazi wako ampigie simu kabla hujafika na waelewane saa: kuanzia asubuhi hadi saa kumi mtoto huyu yuko kazini, jioni ni wenu. Likisemwa na mzazi linasikika tofauti. Na kabla hujasaini fomu ya mada yako, mwandikie mwenyekiti wa idara barua pepe ya mistari miwili ukimuuliza chuo kimepanga utalala wapi. Hifadhi jibu lake. Asipojibu, hifadhi tarehe uliyomwandikia, uiweke kwenye kiambatisho cha mradi wako.